Diski za Programu Zinakiliwe Zingali Zinasomeka

Ofisi nyingi, na hata nyumba nyingi, zingali na programu za uhasibu, printa au skana kwenye CD na DVD. Diski hizo hukwaruzika na kupotea, na tarakilishi nyingi mpya huuzwa bila kisomaji cha diski. Upungufu huu hugunduliwa siku tarakilishi ya zamani inapokufa na printa inangoja kuunganishwa kwa mpya.

Njia ya kuaminika ni kunakili diski nzima iwe faili moja ya ISO kwenye diski kuu ya tarakilishi. Kuhamisha faili moja moja hadi kwenye folda hutosha kwa programu nyingi ndogo, lakini diski ya kusakinisha Windows ina sehemu ya kuwashia mashine isiyoonekana miongoni mwa faili, nayo hubaki nyuma. Nafasi si tatizo: CD huchukua takriban megabaiti 700, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Kuanzia Windows 8, faili ya ISO hufunguka kwa kubofya mara mbili, kana kwamba diski imeingizwa.

Nambari ya leseni mara nyingi huchapishwa kwenye kasha, si ndani ya diski. Iandikwe na kuwekwe pamoja na nakala. Bila hiyo programu huenda ikakataa kufanya kazi.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humruhusu aliye na programu kihalali kuweka nakala ya akiba. Kumgawia jirani ni jambo jingine. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, maana diski kuu nayo huharibika.