Biashara ya chemba za oksijeni yawageukia vijana wa presha ya kushuka

Nchini Marekani, kijana anayezimia kila akiinuka kitandani sasa ni soko. Wanaomnyemelea ni wenye chemba za oksijeni ya mgandamizo, mitambo iliyozoeleka kwa wazamiaji walioibuka haraka mno, watu waliovuta moshi wenye kaboni monoksidi, na wenye vidonda vya kisukari miguuni. Hao bima huwalipia. Kwa presha ya kushuka, au kwa hali iitwayo POTS, ambapo kijana akisimama mapigo ya moyo huongezeka kwa 40 au zaidi kwa dakika, bima hujitoa na mzazi huingia mfukoni.

Vituo huuza vipindi kwa mafungu, na fungu la vipindi 40 ni la kawaida. Kipindi kikiwa dola 200, hizo ni dola 8,000, mbali na mafuta ya gari na siku za shule zilizopotea. Kibiashara, mtoto huyu ana faida kuliko mzamiaji: mzamiaji akipona haonekani tena, lakini POTS hukaa miaka.

Muuzaji hakosi la kusema. Oksijeni ya mgandamizo kweli hubana mishipa na kupunguza mapigo. Asilolitaja ni kwamba hali hiyo hufifia mgonjwa akishatoka, na kwamba mamlaka ya dawa, FDA, haijaidhinisha tiba hii kwa POTS. Hata aina nyingine ya chemba, mahema laini ya kujaza hewa, yaliidhinishwa kwa maradhi ya wapanda milima. Leo yamejaa kwenye vituo vya urembo!

Mbali na gharama, kuna hatari ya moto. Januari 2025, mtoto wa miaka 5 alifariki chemba iliposhika moto katika kituo kimoja mjini Troy, Michigan, na watu wanne wakashtakiwa. Penye oksijeni tupu, cheche ndogo yatosha. Ndiyo maana kituo makini humvisha mgonjwa nguo za pamba, humnyang'anya simu, humkataza mafuta ya nywele, kisha humfunga mkononi mkanda wa kupeleka umeme ardhini. Lakini ukaguzi wa vituo unaofanywa na UHMS, chama cha wataalamu wa tiba hii, ni wa hiari.

Madaktari wa POTS huanza na maji mengi, chumvi, soksi za kubana na mazoezi ya polepole. Mzazi asilipie fungu lolote kabla daktari wa moyo hajampima mwanawe, na kituo kisicho na cheti cha UHMS akipite.