Istilahi za Oili ya Giaboksi ya Otomatiki na Maelekezo ya Kuipima Nyumbani

1. Utangulizi

Magari ya familia yenye umbo la kuinuka, kama vile Toyota RAV4, Honda CR-V na Nissan X-Trail, yamekuwa mengi katika barabara za Tanzania na Kenya. Aghalabu magari haya huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kitabu cha maelekezo, kama kimo garini, huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye gari hubaki akitegemea maneno ya fundi, ya dereva mwenziwe au ya muuza vipuri. Hapo ndipo mfasiri anapohitajika, na hapo ndipo neno moja lililotumika ovyo linapoweza kuharibu chombo chenye thamani kubwa.

Makala haya yanaichukua kazi moja ndogo, yaani kupima oili ya giaboksi ya otomatiki. Ni kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe uani kwake kwa kitambaa safi na muda wa robo saa. Tutaeleza kwanza maneno yanayohusika, kisha utaratibu wenyewe, na mwisho tutapendekeza orodha fupi ya istilahi. Hoja yetu ni kwamba istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha. Hupimwa kwa kumtazama mtu aliyefungua boneti, akasoma sentensi, akatenda. Akitenda sawasawa, istilahi imefaa.

2. Jina la chombo chenyewe

Neno la Kiingereza linalotumika kwa chombo hiki ndilo litumikalo pia kwa upelekaji wa matangazo ya redio na kwa uambukizaji wa maradhi. Mfasiri anayefungua kamusi na kuchukua tafsiri ya kwanza aionayo huenda akaandika "kiowevu cha usafirishaji" au "mafuta ya upitishaji". Maneno hayo ni ya Kiswahili, lakini hakuna fundi wala dereva atakayejua yanahusu nini.

Gerejini neno lipo tayari, nalo ni giaboksi. Limeingia katika lugha pamoja na gia, klachi, breki na rejeta, nalo limekwisha kukubali sarufi yetu: giaboksi hii, giaboksi imekufa, giaboksi zimeshushwa. Hatuoni sababu ya kuliondoa.

Kwa giaboksi isiyohitaji dereva kukanyaga klachi, wapo wanaopendelea kusema "giaboksi inayojibadili gia". Maelezo haya ni mazuri darasani, kwa kuwa yanaeleza kazi ya chombo. Katika maelekezo, hata hivyo, ni marefu, na watu wameshazoea kusema gari la otomatiki na gari la gia za mkono. Twapendekeza giaboksi ya otomatiki iwe istilahi, na maneno yale mengine yabaki kuwa fasili yake.

3. Mafuta, oili na kiowevu

Neno mafuta lina mzigo mkubwa. Dereva akisema gari limeishiwa mafuta, amekusudia petroli au dizeli. Akisema amekwenda kubadilisha mafuta, pengine amekusudia oili ya injini. Kwa hiyo "ongeza mafuta" ni sentensi isiyofaa kuachwa peke yake katika kitabu cha maelekezo.

Kiowevu ni istilahi sahihi ya sayansi, na wanafunzi huifahamu. Lakini kiowevu ni maji, ni maziwa, ni petroli. Neno hilo halimwambii mtu achukue kopo gani dukani. Oili, kwa upande wake, hutofautisha na petroli mara moja, na huruhusu kuongezewa jina la mahali inapotumika: oili ya injini, oili ya giaboksi, oili ya difu.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno "oili ya gia" au "mafuta ya gia". Dukani, maneno hayo humaanisha oili nzito ya difu na ya giaboksi nyingi za gia za mkono. Oili ya giaboksi ya otomatiki ni nyepesi, na kazi zake ni nyingi kuliko kulainisha. Ndani ya giaboksi hiyo kuna pampu inayoisukuma oili. Nguvu ya injini hupita katika oili kabla ya kuzifikia gia, shinikizo la oili ndilo linalozibana klachi ndogo ndogo ili gia ibadilike, na oili hiyo hiyo huchukua joto na kulipeleka lipozwe. Mtu akitia oili nzito mahali hapa, shinikizo huharibika, gia huchelewa kushika, na klachi huungua. Mfasiri aliyeandika "oili ya gia" kwa kuokoa maneno mawili amemtuma msomaji wake kwenye kopo lisilo lake.

Gerejini oili hii huitwa pia ATF, kwa herufi zake tatu. Herufi hizo hazina budi kutajwa katika maelekezo, kwa kuwa ndizo zilizochapwa juu ya kopo. Lakini nazo hazitoshi. Aina ni nyingi, na kila mtengenezaji hutaja yake. RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2005, hutumia aina inayoitwa Type T-IV. Majina ya aina hayatafsiriwi. Hunakiliwa herufi kwa herufi.

4. Kupima na kukagua. Kiwango na kimo

Maelekezo ya Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa matendo mawili. Tendo la kwanza ni kujua oili imefika wapi katika kijiti. Tendo la pili ni kutazama oili yenyewe ikoje: rangi yake, harufu yake na uchafu wake. Kiswahili kina maneno mawili, na yafaa yatumike yote mawili. Tunapima wingi, tunakagua hali. Mwenye gari anayeambiwa "angalia oili" aghalabu hutenda la kwanza tu, akaridhika kwamba oili imo, kumbe imekwisha kuungua.

Neno kiwango nalo lataka uangalifu. Hutumika kwa wingi, kwa ubora na kwa daraja. "Oili ya kiwango cha chini" ni oili hafifu; "kiwango cha oili kiko chini" ni oili iliyopungua. Sentensi mbili hizi hutofautiana kwa mpangilio wa maneno tu, na msomaji mwenye haraka huzichanganya. Twapendekeza kimo cha oili, yaani urefu ambao oili imeufikia kuanzia chini. Kimo hakina maana ya ubora, na mtoto wa shule hulielewa.

5. Joto na moto

Oili hupanuka inapopata joto. Kwa sababu hiyo kijiti cha kupimia huwa na sehemu mbili zenye alama: moja ya oili baridi, nyingine ya oili iliyopata joto. Kwa Toyota, sehemu ya pili hukusudiwa oili yenye joto la nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, na ndiyo ya kutegemewa. Ile ya oili baridi ni ya kukisia tu.

Sasa mfasiri huandikaje? "Injini ikipata moto" ni usemi wa kawaida wa madereva, lakini "injini ikishika moto" ni ajali. Herufi chache tu zinaigawa kazi ya nyumbani na kazi ya zimamoto. Katika maandishi rasmi, neno joto ni salama zaidi: "injini na giaboksi zikisha kupata joto la kawaida la kazi". Tena maelekezo yaseme joto hilo hupatikanaje. Kuliacha gari lingurume limesimama hupasha injini joto, lakini giaboksi hukawia. Ni afadhali gari liendeshwe kwanza kwa mwendo wa kawaida, kiasi cha kilomita 15 au zaidi.

6. Utaratibu

Utaratibu ufuatao unahusu RAV4 zenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Msomaji asikichanganye kijiti hicho na kile cha oili ya injini. Kila kimoja kina mpini na bomba lake.

(a) Baada ya kuliendesha gari hadi giaboksi ipate joto, lisimamishe mahali tambarare pasipo mwinamo. Funga breki ya mkono, na uweke kabari kwenye magurudumu.

(b) Iache injini ikiendelea kunguruma. Huku umekanyaga breki ya mguu, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi, kuanzia P hadi ya mwisho, kisha uurudishe P. Kwa kufanya hivyo oili huingia katika mifereji yote.

(c) Fungua boneti. Kwa kuwa injini inanguruma, weka mbali na feni na mikanda kila kitu kinachoning'inia: tai, ushungi, mkufu, mikono mirefu ya shati. Watoto wasisogee.

(d) Vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka kizame chote, kisha ukivute tena. Usomaji wa mara ya kwanza hauhesabiwi, kwa sababu oili huwa imetapakaa juu ya kijiti.

(e) Soma kimo pande zote mbili za kijiti, ukilinganisha na sehemu yenye alama ya joto. Pande zikitofautiana, fuata ule ulio chini.

(f) Dondoshea oili kidogo juu ya karatasi nyeupe, uikague. Oili njema ya aina hii ni nyekundu na hupenya mwanga. Ikiwa na rangi ya damu ya mzee, imetumika muda mrefu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, au ina chembe za chuma, gari lipelekwe kwa fundi. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, huenda maji ya rejeta yamepenya ndani, gari lisiendeshwe.

(g) Kimo kikiwa chini, ongeza oili ya aina iliyotajwa, kidogo kidogo, kwa faneli yenye mpira mwembamba, kupitia bomba la kijiti, ukipima kila mara. Usizidishe. Oili iliyozidi huchapwa na gia ikatoa povu, na povu haliwezi kubana klachi. Giaboksi haitumii oili kama injini itumiavyo petroli. Basi ikiwa imepungua, ipo mahali inapovuja.

7. Magari yasiyofuata utaratibu huu

Katika kifungu (b) tumeandika "ikiendelea kunguruma". Kiambishi -ki- katika neno hilo kinabeba maelekezo yote. Katika RAV4, injini ikizimwa, oili iliyokuwa katika mifereji hushuka chini na kimo hupanda. Mwenye gari atadhani oili inatosha, ilhali imepungua. Katika Honda CR-V zenye kijiti mambo ni kinyume: gari hupashwa joto, injini huzimwa, kisha kijiti hutolewa katika muda mfupi uliotajwa kitabuni. Anayeipima CR-V injini ikinguruma ataona kimo cha uongo kilicho chini, ataongeza, na atazidisha. Mfasiri anayeandika "pima oili injini ikiwa na joto" ameacha jambo lenyewe gizani, kwa maana injini huwa na joto inaponguruma na huwa na joto pia mara tu baada ya kuzimwa. Na aandike ama "injini ikiwa inanguruma" ama "mara baada ya kuzima injini".

Nissan X-Trail za kizazi kilichoanza mwaka 2007 zina mfano mwingine tena. Nyingi kati yake hazina gia zinazopandana ngazi kwa ngazi. Zina mkanda wa chuma unaozunguka katika kapi mbili zinazobadili upana, na oili yake, iitwayo NS-2, ni ya namna hiyo peke yake. Kuiita "oili ya giaboksi ya otomatiki" bila kutaja aina ni kumwelekeza mtu kwenye ATF ya kawaida isiyofaa humo.

Yapo pia magari mengi ya miaka ya karibuni yasiyo na kijiti kabisa. Kimo chake hupimwa kwa fundi kufungua kizibo chini ya gari, oili ikiwa katika joto maalumu. Kwa magari hayo, maelekezo ya nyumbani yaseme wazi: "Gari hili halina kijiti cha kupimia, mpelekee fundi."

8. Istilahi zinazopendekezwa

Giaboksi ya otomatiki: giaboksi inayojibadili gia bila dereva kukanyaga klachi.
Oili ya giaboksi ya otomatiki: oili nyepesi inayopitisha nguvu, kubana klachi, kulainisha na kupoza, itajwe daima pamoja na aina yake.
Oili ya gia: oili nzito ya difu na ya giaboksi nyingi za gia za mkono.
Kijiti cha kupimia: ufito wa chuma wenye alama za kimo, gerejini, dipstiki.
Kimo cha oili: urefu uliofikiwa na oili katika kijiti.
Hali ya oili: rangi, harufu na usafi wake.
Joto la kazi: joto la kawaida la chombo kinapokuwa kazini.
Kapi na mkanda: namna ya giaboksi isiyo na ngazi za gia.

9. Hitimisho

Maneno mengi katika orodha hii yametoka gerejini na nyumbani. Machache tu yametungwa. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa, kwa sababu fundi na dereva wamekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwanaistilahi. Iliyobaki ni kutenganisha maneno yanayogongana: oili na mafuta, kimo na kiwango, joto na moto, kunguruma na kuzimwa. Walimu wa shule za ufundi na maofisa wanaosimamia magari ya idara za serikali wanaombwa wayajaribu maelekezo haya kwa vitendo. Mtu mmoja asome kwa sauti, mwingine atende bila kuuliza swali. Pale atakaposita, hapo pana neno la kurekebishwa.