Bodi Iitwayo Mende

Msusi anapofumua nywele zilizosukwa twende kilioni na kuzisuka kwa mtindo mwingine, nywele ni zilezile, msuko ndio mpya. Chipu inayopangwa upya, ambayo wahandisi huiita FPGA, inafanana na kichwa hicho. Ndani yake zimo saketi ndogondogo na vinjia vya kuziunganisha. Ukipakia faili moja, vinjia vinafunguka na kufungika ili chipu ichambue sauti. Ukipakia nyingine, inafanya kazi tofauti kabisa, na hujagusa hata waya mmoja. Ya kwanza kuuzwa, XC2064 ya kampuni ya Xilinx ya Marekani, ilitoka mwaka 1985 ikiwa na vitengo 64 tu vya mantiki.

Kwa maoni yangu, hakuna walioitendea haki chipu hii kuliko wanaastronomia wa redio. Zamani kila darubini ilijengewa mashine yake ya kuchakata mawimbi, kuanzia bodi hadi nyaya. Kazi ilichukua miaka, na ilipokamilika chipu zake zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Chuo cha jirani nacho kilikuwa kikihangaika na kitu kilekile. Pale Berkeley, California, Dan Werthimer na wenzake wakaanzisha ushirikiano uitwao CASPER: bodi chache za wote zenye FPGA, maktaba ya vipande vya mahesabu ambavyo yeyote anaweza kuvichukua, na data inayosafiri kwa vifurushi kupitia swichi za Etheneti za kawaida. Hizo swichi ndizo zinazonivutia zaidi. Kupeleka data ya kila antena kwa kila kikokotoo kulihitaji msitu wa nyaya za pekee. Sasa kazi hiyo inafanywa na kifaa cha dukani. Chipu mpya ikitoka, unabadilisha bodi, mengine unayaacha yalivyo.

Waafrika hawakuwa watazamaji. Wahandisi wa Cape Town, pamoja na Berkeley na kituo cha astronomia ya redio cha NRAO cha Marekani, walibuni bodi ya ROACH, jina ambalo kwa Kiingereza ni la mende. Mrithi wake, ROACH-2, alifungwa katika vituo vya Event Horizon Telescope vilivyonasa mawimbi ya picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, ile iliyotolewa Aprili 2019. Na kwao Karoo, nyika kavu iliyochaguliwa kwa sababu ya ukimya wake wa redio, darubini ya MeerKAT ilizinduliwa Julai 2018 ikiwa na madishi 64, kila moja lenye kipenyo cha mita 13.5. Kila dishi sharti lilinganishwe na kila jingine. Hizo ni jozi 2,016, usiku na mchana. Mzigo huo ulibebwa na bodi za SKARAB, jina la mdudu tena, safari hii mbawakawa.

Mwiba upo. Vipande vya maktaba viko wazi, lakini zana za kuvipanga zimetegemea programu za kulipia leseni, Matlab ikiwemo. Kwa maabara yenye bajeti finyu, hapo ndipo mlango unapokwama, na ningependa kuona ushirikiano huu ukilivalia njuga jambo hilo kama ulivyofanya kwa bodi.

Hata hivyo mgeni hapokelewi kwa nadharia. Katika mafunzo ya CASPER, somo la kwanza ni kuwasha taa. Unaburuta kipande cha kuhesabu kwenye kioo cha kompyuta, unakiunganisha na kipande cha manjano kinachowakilisha taa halisi ya kwenye bodi. Tuseme saa ya chipu inapiga mara milioni 100 kwa sekunde: jicho haliwezi kufuata kasi hiyo, kwa hiyo unachukua tarakimu ya 27 ya hesabu ya sifuri na moja, ile inayogeuka polepole. Unapakia faili. Taa hiyo ndogo inawaka, inazimika, inawaka tena, kila baada ya sekunde moja na theluthi hivi. Anayekaa hapo leo kesho ataburuta vipande vya kupokea mawimbi ya nyota, kutoka maktaba ileile.