Sherehe ugenini: Usikubali fataki zikuletee kilio

HUENDA wewe ni mmoja wa Wakenya wanaojiandaa kwenda Marekani kuwatembelea watoto au jamaa zao. Ziara nyingi za aina hii hufanywa katikati ya mwaka, wakati shule za huko zimefungwa na hali ya hewa ina joto. Kwa hivyo, ni rahisi ukajikuta huko tarehe 4 Julai, siku ambayo Wamarekani huadhimisha kutangazwa kwa uhuru wao kutoka kwa Uingereza mwaka wa 1776.

Siku hiyo kazi husimama. Nyama huchomwa uani, na giza likishaingia anga hujaa fataki. Miji mikubwa huandaa maonyesho yanayosimamiwa na mafundi. Hata hivyo, familia nyingi pia hununua fataki zao madukani au kwenye mahema ya kando ya barabara na kuziwasha nyumbani, watoto wakishangilia.

Wengi wetu hatujawahi kuwasha fataki kwa mikono yetu. Hapa Kenya fataki huangukia chini ya sheria ya vilipuzi na anayetaka kuzirusha huhitaji kibali. Tumezoea kuzitazama kwa mbali, wakati wa Mwaka Mpya au Diwali. Kutazama kwa mbali ni jambo moja, na kusimama hatua mbili kutoka kwa baruti huku umempakata mjukuu ni jambo jingine kabisa.

Kwa mujibu wa Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa, watu 8 walikufa kutokana na fataki mwaka wa 2023, na wengine wapatao 9,700 walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali. Sehemu kubwa ya majeruhi hao waliumia katika majuma yanayokaribiana na tarehe 4 Julai. Zaidi ya thuluthi moja waliumia mikono na vidole, na karibu mmoja kati ya kila watano aliumia macho.

Hatari iliyo mkononi mwa mtoto

Watu wengi huogopa zile fataki kubwa zinazopaa na kupasuka. Hizo kweli ni za kuogopwa. Lakini inayowadanganya wazazi wengi ni ile ndogo kuliko zote: kijiti cha waya kinachoshikwa mkononi na kutoa cheche zinazometameta. Kwa kuwa hakilipuki, watu hudhani ni kitu cha kuchezea na humpa hata mtoto wa miaka mitatu.

Kijiti hicho kimepakwa unga wa metali, kama vile alumini au magnesi, uliochanganywa na kemikali inayotoa hewa ya oksijeni ili kuuchochea moto. Joto lake hufikia kiasi cha digrii 1,000 za Selsiasi au zaidi. Maji huchemka kwa digrii 100. Sufuria ya alumini unayopikia ugali huyeyuka kwa digrii 660. Fikiria basi joto hilo likigusa kidole, kope au nguo ya mtoto.

Jambo jingine ambalo watu husahau ni kwamba waya hubaki na moto mkali baada ya cheche kuzimika. Mtoto huutupa kwenye nyasi, mwenzake akaukanyaga bila viatu. Kila kijiti kinapozimika kinafaa kutumbukizwa mara moja katika ndoo ya maji.

Madaktari wa watoto wa Marekani huwashauri wazazi waachane kabisa na fataki za nyumbani na waende kutazama maonyesho ya mji. Iwapo watoto wanataka kushika kitu kinachong'aa, zipo taa ndogo za plastiki zinazotoa mwanga baada ya kukunjwa. Hizo hazina moto, na furaha ya mtoto haipungui.

Jua sheria ya mahali ulipo

Marekani haina sheria moja ya fataki kwa nchi nzima. Kila jimbo lina yake, na mara nyingine mji huwa na masharti makali kuliko jimbo. Mathalani, katika Massachusetts, ambako kuna Wakenya wengi hasa mjini Lowell, mtu wa kawaida haruhusiwi kuwasha fataki ya aina yoyote, hata vile vijiti vya cheche. Jimbo jirani la New Hampshire huuza fataki. Hata hivyo, anayezinunua huko na kuvuka nazo mpaka kuingia Massachusetts huwa amevunja sheria. Katika Minnesota, nako kwenye Wakenya wengi, zinazoruhusiwa ni zile zisizopaa wala kulipuka.

Kwa mgeni, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwenyeji akivunja sheria, huenda akatozwa faini na mambo yakaishia hapo. Mgeni aliyeingia kwa viza hana haja ya kuanza kujieleza kwa polisi. Tena, soma kwa makini karatasi ya bima yako ya usafiri kabla ya kuondoka. Bima nyingi hazilipii majeraha yaliyompata mtu akiwa anavunja sheria au amelewa.

Usifikirie pia kununua fataki chache za kuletea watoto nyumbani. Haziruhusiwi ndani ya ndege, iwe ni katika mzigo wa mkononi au sanduku linalowekwa chini.

Kama ni lazima ziwashwe

Huenda sheria ya mahali hapo inaruhusu na mwenyeji wako ameshaamua. Wewe ni mgeni, lakini kama ni mzazi au nyanya wa watoto waliopo, una haki ya kusema. Omba mambo haya yafuatwe kabla ya kiberiti kutolewa.

Kwanza, awepo mtu mzima mmoja wa kuwasha, na awe hajaonja pombe. Watoto wasiwashe na wasiokote fataki zilizoanguka. Fataki iwekwe chini, mahali tambarare palipo mbali na nyumba, magari na nyasi kavu, kisha iwashwe moja baada ya nyingine. Anayewasha asiinamishe uso juu yake, na akishawasha utambi arudi nyuma upesi. Anafaa kuvaa miwani ya kukinga macho. Ndoo ya maji au mpira wa bomba uwe karibu.

Fataki ikikataa kuwaka, isiguswe wala isiwashwe tena. Vidole vingi hupotea hapa, mtu anapoenda kuchungulia kwa nini haikulia. Ngojeni dakika 20, kisha muiloweshe kwa maji.

Angalia mavazi pia. Leso iliyofungwa kiunoni na kuachwa ikining'inia, au gauni pana, hudaka cheche kwa urahisi. Nguo za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vaa nguo ya pamba isiyopwaya na viatu vilivyofunika vidole.

Kumbuka vile vile kwamba wakati huo wa mwaka jua huchelewa kutua Marekani. Fataki huanza kiasi cha saa tatu usiku. Ukiwa New York au Boston, saa tatu usiku ni saa kumi za alfajiri Nairobi. Aliyefika juzi bado mwili wake unafuata saa za nyumbani, na mtu mwenye usingizi si wa kukabidhiwa mtoto karibu na moto. Kama umechoka, kaa ndani na uangalie dirishani.

Wenye pumu wasimame upande ambao upepo hauwaletei moshi, na dawa yao ya kuvuta iwe mfukoni, si katika sanduku chumbani. Kuhusu masikio, fataki kubwa ikilipuka karibu huweza kupita kiwango cha desibeli 140, mshindo ambao unaweza kuharibu uwezo wa kusikia papo hapo. Watoto wachanga wasipelekwe karibu. Na kama katika msafara wenu kuna mtu aliyeponea shambulizi la bomu la Agosti 7, 1998, au aliyepitia vita, mwambieni mapema kwamba kutakuwa na milio. Mshindo wa ghafla unaweza kumrudisha kwenye siku ile.

Mtu akiungua

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani hutuponza. Wengi wetu tulifunzwa kupaka dawa ya meno, yai bichi, unga, asali, siagi au hata mafuta ya taa. Vitu hivi huzuia joto kutoka katika ngozi, huingiza viini vya maradhi katika jeraha, na humlazimu daktari kuvikwangua ili aone ngozi ilivyo. Mgonjwa huumia mara ya pili.

Dawa ya kwanza ni maji ya mfereji. Acha maji baridi, yasiyo ya barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Muda huo ni mrefu, kwa hivyo tazama saa. Vua pete, bangili na saa kabla sehemu hiyo haijavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipasue malengelenge. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi au ile karatasi nyororo ya plastiki ya kufunikia chakula, na usiikaze.

Nguo ikishika moto, mzuie mtu asikimbie, kwa kuwa upepo huuchochea moto. Mlaze chini na kumbingirisha mpaka uzimike.

Nenda hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mwenyewe, ikiwa liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, ikiwa ngozi imegeuka nyeupe au nyeusi, au aliyeungua ni mtoto mdogo. Usidanganywe na jeraha lisilouma. Moto uliopenya sana huua mishipa ya fahamu, ndipo maumivu yakakosekana. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa miaka mingi imepita tangu uchanjwe.

Jicho na kidole

Fataki ikimpiga mtu jichoni, kanuni ya maji haitumiki. Usilisugue jicho, usilioshe, usilibonyeze, usijaribu kutoa kilichoingia, wala usitie dawa ya aina yoyote. Jicho lililopasuka likibonyezwa kidogo tu laweza kumwaga vilivyomo. Lifunike kwa kitu kisicholigusa, kama vile kitako cha kikombe cha karatasi, na mumkimbize hospitali. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa huweza kuongeza utokaji wa damu.

Kidole kikikatika, bana jeraha kwa kitambaa safi ili damu isimame. Kitafute kile kipande, kifunge kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Wapasuaji wakikipata katika hali nzuri, huenda wakaweza kukirudisha.

Usiogope hospitali kwa sababu ya pesa

Wageni wengi huchelewa kutafuta matibabu Marekani wakihofia gharama. Ni kweli gharama zake ni kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kununua bima kabla ya kusafiri. Lakini tangu mwaka wa 1986, sheria ya huko huzitaka takriban hospitali zote zenye chumba cha dharura kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali kama ana uwezo wa kulipa. Bili itafuata baadaye, lakini hutafukuzwa mlangoni huku mtoto anavuja damu. Kama Kiingereza chako kinakupotea ukiwa na wasiwasi, omba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinapaswa kukupatia bila malipo.

Nambari ya dharura ni 911, Marekani na hata Kanada. Katika nchi za Muungano wa Ulaya ni 112. Iandike pamoja na anwani ya nyumba unayokaa na uibandike jikoni, kwa sababu mgeni aliyeshtuka mara nyingi hukumbuka nambari lakini hajui aseme yuko wapi.

Haya yote hayakuzuii kusherehekea. Kula nyama, imba na wenyeji wako, kisha twaeni viti mwende mkatazame fataki za mji zikirushwa na wanaoijua kazi hiyo. Mkikaa nyumbani, swali la nani atawasha na watoto watasimama wapi liamuliwe mchana, kabla vinywaji havijafunguliwa na kabla watoto hawajaanza kulilia vijiti. Kinga ni bora kuliko tiba, na ugenini tiba ni ghali zaidi.