Ng'ombe wa fidia hafuti kesi ya unajisi

FAMILIA mbili zinapoketi Keumbu, Kaunti ya Kisii, na kuafikiana fidia ya ng'ombe baada ya mtoto kunajisiwa, kesi huwa haijaisha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, wazee hawana uwezo wa kuyasitisha mashtaka. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Ushahidi wa mwathiriwa pekee waweza kutosha, hakimu akiridhika kuwa anasema kweli.

Mazungumzo hayo, hata hivyo, hula muda. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Naye mtoto, aliyenyamaza kwa hofu, hukosa usingizi huku watu wazima wakihesabu mifugo.