Simu Haioni Fosforasi

"Daktari, kama roboti inapima mawe huko Mars, mbona simu yangu isipime udongo wa kahawa?" Nimeulizwa hivyo Karatina, nikaulizwa Othaya, na juzi tena Chaka. Anayeuliza huwa ameshalipia programu ya kupiga udongo picha na kutajiwa mbolea. Na kwa kuwa Nyeri tuna kiwanda cha chipu ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, watu wanaamini kila chombo kitaingia mfukoni.

Programu hiyo inawala pesa. Kamera ya simu hugawa mwanga katika rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Spektrometa, chombo cha kupima mwanga, huugawa katika mamia ya vipande. Dalili za maji na mfinyanzi udongoni ziko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,400, 1,900 na 2,200, ilhali kihisi cha silikoni kilichomo ndani ya simu hupofuka karibu na 1,100. Fosforasi inayofyonzwa na mmea ndiyo kabisa, haina rangi ya kupigwa picha. Nilichota konzi ya udongo mwekundu Othaya, nikaigawa sahani mbili, moja nikainyunyizia maji. Iliyolowa ikaiva weusi, na programu ikaisifu kwa rutuba kuliko mwenzake. Udongo ni uleule!

Roboti ya Curiosity, iliyotua Mars mwaka 2012, hupiga jiwe kwa leza kutoka hadi mita 7, kisha mwanga wa cheche inayozuka husomwa na spektrometa tatu zenye vihisi vilivyopozwa ili umeme wake usivuruge vipimo. Pamoja na hayo yote, ilibeba vipande vya kioo na kauri ambavyo kemia yake inajulikana, ijikague navyo. Programu yenu hujikagua kwa udongo upi? Programu yenu hujikagua kwa udongo upi?

Basi chota udongo sehemu kama 15 za shamba, kina cha sentimita 20, changanya katika ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huko Kabete. Akija mtu na skana ya mkononi ya infraredi, hiyo ni spektrometa kweli, lakini muulize ilifunzwa kwa sampuli za wapi. Kama hazimo za udongo wa volkano wa huku mlimani, achana naye. Majibu yakifika, soma pH kwanza. Ikiwa chini ya 5.5, tia chokaa kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea ya DAP, maana DAP huzidisha uchachu, na fosforasi yake hunaswa na chuma na alumini kabla mizizi haijaonja.