Raymond Poulidor, kipenzi cha Wafaransa asiyewahi kuvaa jezi ya njano

Raymond Poulidor alizaliwa mwaka 1936 katika kijiji cha Masbaraud-Mérignat, wilaya ya Creuse, katikati ya Ufaransa. Wazazi wake walilima mashamba yasiyo yao. Mwaka 1960 alijiunga na timu ya Mercier kama mwendesha baiskeli wa kulipwa, akabaki humo hadi alipostaafu mwaka 1977.

Wengi humkumbuka kama bingwa wa kushindwa, sifa isiyomtendea haki. Mwaka 1961 alishinda mbio za Milano–San Remo na ubingwa wa Ufaransa, na mwaka 1964 akatwaa Vuelta, mbio kuu za Hispania. Mwaka 1972, akikaribia miaka 36, alimpiku Mbelgiji Eddy Merckx siku ya mwisho ya mbio za Paris–Nice, kisha akashinda tena mwaka uliofuata. Kilichomponyoka ni Tour de France. Alishiriki mara 14, akawa wa pili mara tatu na wa tatu mara tano, lakini jezi ya njano ya anayeongoza hakuivaa hata siku moja. Mwaka 1973 aliikosa kwa chini ya sekunde moja.

Nafasi yake kubwa ilikuwa mwaka 1964, dhidi ya Mfaransa mwenzake Jacques Anquetil. Huko Monaco Poulidor alichomoka kwa kasi akidhani amefika, kumbe ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Anquetil akashinda hatua hiyo na kupunguziwa dakika nzima katika muda wake. Siku kadhaa baadaye wawili hao walipanda mlima Puy de Dôme bega kwa bega, halafu Poulidor akamwacha mwenzake karibu na kilele. Alipata sekunde 42, naye Anquetil akabaki mbele kwa sekunde 14. Mbio zilipomalizika mjini Paris tofauti yao ilikuwa sekunde 55, pungufu ya ile dakika ya Monaco.

Anquetil alishinda Tour mara tano, ila aliyeshangiliwa zaidi barabarani ni Poulidor, jambo lililomkera mshindi. Magazeti yalimchora mmoja kuwa mkulima na mwingine kuwa mtu wa mjini, ingawa Anquetil mwenyewe alikulia kwenye mashamba ya stroberi huko Normandy. Tofauti yao hasa ilikuwa tabia: Anquetil alikimbia kwa hesabu na alionekana mkavu, Poulidor alikuwa mchangamfu na hakununa aliposhindwa. Watu wakambandika jina la Poupou.

Bahati nayo ilimkwepa. Mwaka 1965 Anquetil hakushiriki, akatokea kijana wa Kiitalia, Felice Gimondi, akashinda. Mwaka 1968 pikipiki ilimwangusha Poulidor, akajitoa. Kisha ukaja utawala wa Merckx. Hata hivyo, mwaka 1976, akiwa na miaka 40, alimaliza wa tatu.

Baada ya kustaafu aliendelea kuonekana kwenye Tour akisalimiana na mashabiki, hadi mwaka 2019, alipofariki mwezi Novemba. Mwaka 2021 mjukuu wake, Mathieu van der Poel wa Uholanzi, aliivaa jezi ya njano kwa siku sita.